Kitabu Chini ya Pasi

Mwanamke mwenye duka la dobi alifika nyumbani saa kumi na moja jioni, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe, ufunguo mkononi, kwa sababu ndani mumewe alikuwa anacheka.

Kicheko hicho hakuwa amekisikia kwa miezi minne. Tangu siku kioo cha dirisha kilipomponyoka mume huyo, fundi wa vioo, juu ya ngazi na kumkata kiganja cha kulia, alikuwa analala ameuelekea ukuta. Jeraha lilipona. Vidole viwili vilikataa kukunjika, na mwenyewe akakataa yaliyobaki: kunyoa, kutoka nje, kuitikia salamu. Mkewe alimchemshia supu, alimwogesha, alimsihi, alimkemea, alimleta daktari. Daktari alisema hiyo ni huzuni na itapita, bila kutaja siku. Sasa fundi alikuwa anacheka kile kicheko cha tumbo, cha mtu anayetafuta pumzi, na mkewe hakuwa na mkono wake katika jambo hilo.

Akafungua. Dada mdogo wa fundi, karani wa posta, alikuwa ameketi kitandani, upande ule anaolala dobi. Viatu alikuwa amevivua. Mapajani alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada.

"Karibu, wifi," alisema, kana kwamba nyumba ni yake.

"Ahsante kwa kunikaribisha kwangu. Mnacheka nini?"

"Punda," alisema fundi, akijifuta macho. "Malkia anamuuliza, yeye punda anamjibu…" Akamtazama dada yake. Wakaangua tena wote wawili.

Dobi alisubiri watulie ili aambiwe punda alijibu nini. Hawakumwambia. Akaenda jikoni kubandika chai, na huko jikoni akawasikia wakinyamaza, kisha sauti ya karani ikaendelea kusoma, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Kilikuwa kitabu cha mambo ya ajabu: nchi ambayo mito yake hupanda mlima, malkia asiye na kivuli, punda aliyepewa uwaziri mkuu, na jitu linalolinda daraja. Jitu hilo halikutaka fedha. Lilimtoza kila msafiri siri moja ambayo hajawahi kumwambia mtu, na kama jitu liliijua tayari, siri hiyo haikuhesabika. Ndugu hao wawili walikisoma tangu wakiwa watoto, sura moja kaka, sura moja dada. Panya walikuwa wameguguna pembe zake za chini, nambari za kurasa zikaenda nazo. Wiki ya harusi ya kaka yake, karani alikichukua akisema anakiazima tu. Hakukirudisha kwa miaka kumi na mmoja. Hakuwa na mwingine wa kusoma naye, na kuhusu dobi alikuwa na maoni aliyoyatunza vizuri kuliko kitabu.

Alianza kuja kila siku baada ya kazi. Siku ya tatu fundi alinyoa. Siku ya tano alikaa nje juu ya kigoda, na majirani wakampigia kelele za "Milimita!", jina alilopewa karakanani kwa sababu ya kukata vioo bila kukosea hata uzi. Kidole chake cha shahada, kimoja kati ya vile viwili vigumu, kilianza kujifunza kufunua karatasi. Dobi aliyaona haya yote na alifurahi. Vilevile alipiga hesabu: miezi minne ya supu kwa upande mmoja, siku tano za punda kwa upande mwingine.

"Na mimi nipeni sura," alisema siku ya sita.

Ndugu wakatazamana. Kutazamana kwenyewe kulitosha, lakini alikuwa ameshanyoosha mkono. Yeye kusoma alijua. Alisoma vitambulisho vya nguo, stakabadhi, ujumbe wa simu. Kitabu kizima hakuwahi. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Jitu lika… lika-nya…"

"Likanyanyua," alisema karani.

"Naona. Likanyanyua nyu… nyu…"

"Nyusi. Samahani, wifi, nilidhani umekwama."

"Sikukwama. Nilikuwa naenda."

"Haya, nenda."

Alikwenda. Kilichomuumiza si wifi yake. Ni mumewe, ambaye alikuwa anatazama dirishani kwa adabu huku midomo yake ikicheza kimyakimya, mstari mzima mbele yake. Dobi alipofika mwisho wa ukurasa alikirudisha kitabu na kusema ana nguo za kuloweka. Hakuwa na nguo za kuloweka.

Alhamisi, tajiri wa karakana ya vioo alikuja mwenyewe.

"Milimita! Nilidhani nitakuta maiti, kumbe bwana harusi." Aliketi, akanywa chai ya dobi, akasema alichokuja kusema. Kukata vioo kuna vijana. Yeye anataka mpimaji: mtu wa kwenda kwenye majengo, kupima, kuandika, kurudi. Kalamu hushikwa hata kwa kushoto. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Usipokuja nitajua hukutaka, nitaweka mtu mwingine. Sikulaumu, lakini milango ya watu inanisubiri."

"Nitakuja," alisema fundi.

Tajiri alisimama kuaga. Akamshika karani mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada, umefufua mtu. Mungu akulipe." Kisha akamgeukia dobi aliyekuwa anakusanya vikombe. "Na wewe, shemeji, pole."

Pole. Dobi aliitikia "ahsante" na akaviosha vikombe vile mara mbili.

*

Ijumaa asubuhi, fundi akiwa anaoga, dobi alikitoa kitabu chini ya mto akakitia katika kapu la nguo za wateja. Hakukusudia kukiharibu. Alitaka siku mbili tu ambazo chumbani kwake hapatakuwa na malkia, punda, jitu wala wifi. Jumapili angekirudisha, na Jumatatu mumewe angekwenda kazini akiwa amesindikizwa na mkewe.

Dukani alikificha mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Meza yake ya pasi ilitandikwa mablanketi matatu na shuka juu. Katika pembe ya kulia aliinua mablanketi, akakilaza kitabu, akafunika. Hapo ndipo alipokuwa anaegesha pasi ikiwa moto, na hakuna mteja anayegusa mahali pa pasi. Hesabu yake ilikuwa sahihi isipokuwa kwa jambo moja. Mkono wa dobi una mazoea yake. Kwa siku nzima, kila alipogeuza shati, mkono uliipeleka pasi palepale ulipoipeleka kwa miaka tisa.

Saa kumi karani alifika nyumbani. Dobi naye, safari hii, alikuwa amefunga duka mapema.

"Hakipo," fundi alisema. Alikuwa amevua foronya na kuinua godoro. "Kilikuwa hapa jana."

"Mimi sijakiona," alisema dobi. Wakamtazama, na kwa kuwa walimtazama akaongeza: "Labda umekibeba mwenyewe, wifi, ukasahau. Si chako?"

Fundi akamgeukia dada yake. "Umekichukua tena?"

"Tena? Una maana gani, tena?"

"Mara ya kwanza ulisema wiki moja."

"Kaka, nimetoka kazini, nimepanda magari mawili, nimebeba machungwa, halafu unaniita mwizi?"

"Nimeuliza."

"Hukuuliza. Umesema *tena*." Karani aliweka machungwa sakafuni, akavaa viatu akiwa amesimama, kwa shida, akishikilia ukuta. Hakuna aliyempa mkono. Alipofika barabarani alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mwenye sare ya posta.

Basi dobi akapata alichokitaka: chumba cha watu wawili. Akammenyea mumewe chungwa. Akamsimulia kisa chake bora cha wiki hiyo, cha mzee aliyesahau meno ya bandia katika mfuko wa suruali akarudi kuyadai huku ameziba mdomo kwa kofia.

"Mm," alisema fundi.

"Lakini kitabu chenyewe si unakijua chote kwa kichwa?"

"Ndiyo maana nakitaka." Alikuwa ameshalala. "Kile najua kinachofuata. Mambo mengine yote sijui." Akajigeuza taratibu mpaka pua yake ikaukaribia ukuta. "Jumatatu siendi."

"Utamwambiaje tajiri?"

"Sitamwambia. Amesema atajua."

*

Jumamosi dobi alifungua duka saa kumi na mbili na nusu, kabla hata hajasalimiana na mwenye mgahawa wa jirani, akainua mablanketi. Kitabu kilitoka vipandevipande. Moto wa pasi ulikuwa umeyeyusha gundi ya mgongo, na maji anayonyunyizia nguo yalikuwa yamepenya. Sehemu ya katikati ilishikamana bado. Mwanzo na mwisho, karatasi tisini na nne alizihesabu, zilikuwa zimeachana, na alipojaribu kuziinua kwa pamoja zilimteleza zikatawanyika sakafuni kama sahani iliyovunjika.

Alichuchumaa akatafuta nambari za kurasa. Hapo ndipo alipokumbuka panya.

Akafanya alichokijua. Akafunga kamba ya pili chini ya ile ya mashati, akazianika karatasi kwa vibanio, moja moja. Saa tatu akaingia mwalimu mstaafu, aliyeleta mashati mawili kila Jumamosi na kuyahesabu kama yalikuwa ishirini.

"Siku hizi mnafua na vitabu?"

"Zimeniponyoka, mwalimu. Sijui ipi inatangulia."

Mwalimu alivaa miwani akasoma karatasi mbili akiwa amefunga mikono nyuma, kama anayekagua daftari. "Hii inaishia na sentensi nusu. Tafuta inayoanza na nusu ya pili. Ndivyo hivyohivyo mpaka mwisho."

"Itabidi nisome zote."

"Ulitaka kuzipima kwa kilo?" Akaondoka, kisha akarudisha kichwa mlangoni. "Mashati yangu yasinuke hadithi."

Dobi aligeuza kibao cha mlango upande wa *Tumefunga*. Akavuta kigoda. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, na safari hii hapakuwa na mtu wa kummalizia neno.

Ilikuwa kazi ya polepole. Kila karatasi aliisoma mpaka mwisho, akashika nusu ya sentensi kichwani, akatembea chini ya kamba akiitafuta nusu nyingine. Saa nne hivi alimfikia punda. Ramani ya vita ilikuwa imepotea, malkia akauliza mbele ya baraza zima nani ameila. Punda akajibu: "Aliyeila simjui, mtukufu, ila upande wa kaskazini ulihitaji chumvi."

Dobi alicheka kibanio kikamtoka mdomoni. Mara ile ile akakasirika. Hilo ndilo walilolichekea, na lilikuwa la kuchekesha kweli, na lingemchukua mumewe nusu dakika kumwambia. Akacheka tena kwa hasira hiyohiyo. Saa saba alisikia njaa akaisahau. Saa tisa aligundua kwamba amefika sehemu ambayo hakuwa anatafuta tena nusu za sentensi. Alikuwa anakimbilia kujua kama malkia atavuka. Na kwa mara ya kwanza tangu ajali alikuwa amekaa saa nyingi bila kuuona ukuta ule wa chumbani kwake.

Jumapili alirudi. Mumewe hakuuliza anakwenda wapi. Katika sura inayotangulia ile ya mwisho, punda alimbeba malkia kuvuka mto uliokuwa unapanda mlima, akamfikisha, akafa. Walimzika na mkufu wake wa uwaziri. Dobi, aliyefua mashuka ya marehemu wa mtaa mzima bila kutikisika, alilia akajifuta kwa shati la mwalimu, ikabidi alifue upya.

Alipomaliza kuziunga kwa uzi na sindano ilibaki karatasi moja. Ilianza na sentensi kamili na kuishia na nukta. Punda analalamika kwamba chai imepoa na kwamba katika serikali hii hakuna anayejali. Aliijaribu sehemu tatu, ikakataa sehemu zote. Mwisho akaitia baada ya mazishi. Alijua si mahali pake. Aliona panamfaa.

*

Fundi alikuwa kama alivyomwacha. Dobi alisimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Kimepatikana," alisema. "Kilikuwa chini ya…" Na hapo uongo aliokuwa ameutengeneza njia nzima ukamkauka.

Fundi alijigeuza, akaketi, akanyoosha mkono wa kulia. Dobi alimpa, akarudi nyuma mpaka kizingitini. Fundi alitazama ule uzi mweupe mgongoni, mishono midogo, sawasawa, ya mtu anayejua kushona kola. Akakipeleka puani.

"Kinanuka pasi."

"Nilikificha. Nikakiweka mahali nikakiunguza. Si wifi, ni mimi."

"Dada yangu alitoka hapa analia."

"Nilimwona."

"Utamwambia wewe mwenyewe. Si mimi."

"Nitamwambia."

Akawa anakifunua kwa kile kidole kigumu. Dobi hakujua kama aingie au aondoke. Mwishowe fundi alisema, bila kuinua macho, kwa sauti nzito ambayo hakuitambua mara moja: "Hiyo nilishaijua. Pua ninayo. Siri inayojulikana haihesabiki."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba aliyesema ni jitu.

"Nyingine sina."

"Basi hupiti."

Alishika fremu ya mlango. Kukiri kuficha kulikuwa rahisi, kwa maana kosa ni kosa. Hili lilikuwa gumu zaidi. "Nimekisoma chote," alisema. "Kwa kidole. Nimemlilia yule punda. Na pale kwenye ramani nilicheka peke yangu dukani kama mwehu, nikawaonea kijicho zaidi kuliko mwanzo. Nilitaka niwe nimecheka hapa."

Fundi alikuwa amefika kwenye mazishi. Akageuza karatasi, akakunja uso, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Mama weee. Huyu si amezikwa sasa hivi?"

"Amezikwa."

"Mbona anadai chai?"

"Karatasi ilibaki," alisema dobi. "Nyie mlikuwa mnamuua mapema."

Kwanza yalikuwa mabega tu. Kisha kikaja, kile cha tumbo, cha kutafuta pumzi. Fundi alikipiga kitabu kwa kiganja kibovu na kusema "chai imepoa!" na kuishiwa sauti tena. Dobi alikaa kizingitini akakisikiliza kicheko hicho mpaka mwisho, kama mtu anayehesabu mashati yake.

"Pita," alisema fundi.

*

Jumatatu saa moja na nusu fundi alitoka, futi ya chuma katika mfuko wa kulia, kalamu katika mfuko wa kushoto. Dobi alimwangalia mpaka kwenye kona ya barabara. Hakurudi saa nne, kama mkewe alivyohofia. Hakurudi saa saba. Saa tisa alituma ujumbe: *Madirisha kumi na nne. Nimekosea moja, nimepima upya.*

Saa kumi karani alikuja, kwa sababu dobi alikuwa amempigia simu. Alikuwa na mfuko wa machungwa na midomo aliyoikaza.

"Nimeambiwa kimepatikana."

"Hakikupotea. Nilikificha mimi, kisha nikakusingizia. Nisamehe, wifi."

Karani alichungulia ndani juu ya bega lake. "Nilijua. Nililia nikijua. Kaka yuko wapi?"

"Kazini."

Uso wa karani ulifunguka, kisha ukajifunga kidogo. Habari hiyo alikuwa amepanga kuwa wa kwanza kuipata. "Haya. Nipishe basi, tumsubiri, tuendelee. Ilikuwa zamu yangu."

Dobi hakusogea. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mkono mmoja kushoto, mwingine kulia.

"Siri kwanza."

"Siri gani?"

"Hujui ushuru wa daraja? Na wewe ndiye mwenye kitabu."

Karani alicheka, kile kicheko cha posta, cha kumwambia mtu dirisha limefungwa. Kisha akaacha kucheka. Akahamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu.

"Wiki ile ya harusi yenu," alisema, "kitabu sikukiazima. Nilikichukua ili msiwe nacho."

"Hiyo inajulikana, wifi," alisema dobi. "Haihesabiki. Toa nyingine."

Na karani akasimama pale kizingitini, machungwa mkononi, akiitafuta.